Mashine ya Vumbi ya Mama Danielle

Ukitaka kumjua Henriette, anza na magoti. Uso wake ulikuwa wa kawaida tu, uso wa mama yeyote unayekutana naye mjini Likasi, kule Katanga, akitoka misa ya kwanza. Magoti ndiyo yaliyokuwa na habari. Yalikuwa na sugu ngumu, na katika mikunjo ya ngozi kulikuwa na wekundu usiotoka hata kwa jiwe. Ilikuwa nta ya sakafu. Tangu alipokuwa na miaka saba kule Kamatanda, ambako baba yake alichimba shaba ya watu wengine, kila Jumamosi alipiga magoti, akapaka nta nyekundu kwenye saruji, akasugua kwa brashi mpaka mama yake aone meno yake sakafuni. Kisha akaolewa na Arsène, fundi wa mitambo kiwandani. Arsène alimpa pete, kitanda, na saruji nyingine ya kusugua, vyumba viwili katika cité ya wafanyakazi.

Mtu aliyepiga magoti miaka thelathini, tena si mbele ya Mungu, hujifunza mambo mawili: kuvumilia na kuweka kinyongo. Henriette aliyajua yote mawili, na la pili alilijua vizuri zaidi.

Kinyongo chake kikubwa kilizaliwa mwaka wa tisini, siku ya komunyo ya kwanza ya binti yake Jenny. Katika kundi lile la watoto alikuwamo pia Danielle, binti wa Mukendi. Huyu Mukendi alikuwa mkubwa wa Arsène kazini. Asili yake ilikuwa jimbo la Kasai, lakini alizaliwa Likasi, akasoma Likasi, akaoa Likasi, na Kasai yenyewe aliijua kwa kuhadithiwa. Alikaa katika mtaa wa wakubwa, kwenye nyumba yenye bustani mbele na jiko la umeme ndani. Baada ya misa mkewe, Clémentine, aliwaalika wazazi wote kwake wanywe kitu. Mama Danielle ana roho nzuri, walisema watu, na walisema kweli.

Sebule ya nyumba ile haikuwa na saruji ya kuonekana. Kutoka ukuta hadi ukuta kulibandikwa zulia la kijani, moketi, laini kama manyoya ya kifaranga. Clémentine aliwaomba wageni wavue viatu mlangoni. Henriette akavua. Alikuwa amesugua sakafu yake jana yake, kama kila Jumamosi, na nta ilikuwa imejaa katika nyufa za visigino. Alipofika kwenye kiti na kugeuka nyuma, aliziona nyayo zake mwenyewe, nyekundu juu ya kijani, kutoka mlangoni hadi hapo alipokaa. Wenzake waliziona pia.

"Haina neno, Mama Jenny, haina neno," Clémentine alisema, akaingia chumbani, akarudi na mashine.

Ilikuwa aspirateri ya kusimama, ile ndefu inayofika kifuani, yenye mpini wa kushika na mfuko wa kitambaa unaovimba kama tumbo mashine inapovuta vumbi. Mukendi alipewa na injinia mmoja mzungu aliyekuwa akirudi kwao. Clémentine aliichomeka kwenye umeme, akaanza mlangoni, akaufuata unyayo mmoja, halafu wa pili, halafu wa tatu, wima kabisa, kichwa juu, kama mtu anayetembeza mtoto. Nta haikutoka sana, lakini yeye alipitisha. Alipofika kwenye kiti aliinama kidogo, akatabasamu, akamwita yaya, yaani dada mkubwa.

"Inua miguu kidogo, yaya."

Henriette akainua miguu. Akakaa hivyo, visigino hewani, mbele ya akina mama wa parokia nzima, mpaka mashine ilipomaliza chini yake.

Clémentine hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu safi, na watu safi wana ubaya wao ambao wenyewe hawauoni. Jioni alikuwa amekwisha kusahau. Mtenda husahau, mtendewa hasahau, na Henriette alirudi cité akiwa na sauti ile ya mashine masikioni. Haikutoka.

Miaka miwili baadaye, mwezi wa tisa, mji ukachafuka. Redio ilisema, nyimbo zikasema, na vijana wakafanya: watu wa Kasai warudi kwao. Walipita mtaa kwa mtaa wakiwa na fimbo na petroli, wakiwaita majirani zao bilulu, yaani wadudu. Mukendi alipewa saa moja. Walimvunja mguu kwanza, kisha wakamwambia atembee. Mtu anayefukuzwa hachukui anachokihitaji, huchukua anachokipenda: Clémentine, mimba ya miezi minne na nusu tumboni, alitoka na godoro, sufuria mbili, Danielle, na ile aspirateri kichwani. Watu walicheka sana. Henriette naye alikuwa kando ya barabara, na hatutasema kwamba alilia.

Wakaenda gare, wao na maelfu ya wengine, kungoja treni ya kuwapeleka Kasai. Treni zilikuja chache, mara mbili kwa mwezi, mara hazikuja kabisa. Watu walikaa chini ya mahema ya plastiki kando ya reli, wakapika hapo, wakaugua hapo, wakazaa hapo. Rolly, mtoto wa pili wa Clémentine, alizaliwa gare mwezi wa pili, kwenye mvua.

Nafasi ya Mukendi kiwandani alipewa Arsène, na nyumba pia. Siku ya kuhamia Henriette alifika kwenye mlango wa sebule, akaliona lile zulia la kijani, mkono wake ukaenda wenyewe kuvua viatu. Akajishika. Akavivaa tena, akatembea navyo mpaka dirishani, akarudi, akaenda tena. Arsène alimwuliza anafanya nini. "Natembea ku nyumba yangu," akajibu.

Lakini moketi ni mtoto wa kambo. Usipoitunza, inakuaibisha. Kiangazi kilipoanza, vumbi jekundu la Likasi liliingia kwa madirisha likazama ndani ya manyoya yale. Ufagio ulilipandisha hewani, nalo likashuka palepale. Kulikuwa na njia moja tu: brashi ya mkono, na kupiga magoti. Hebu fikiri. Mwanamke ametoka kwenye saruji ya Kamatanda na saruji ya cité, amefika mtaa wa wakubwa, na bado yuko chini, matako juu, akisugua. Tena padri alikuwa amekubali kuja Jumapili ya mwisho ya mwezi wa saba kubariki nyumba, na mama wa parokia wote wangekuja, wenye macho yale yale.

"Natafuta aspirateri," Henriette alimwambia mumewe. "Ile ya kusimama. Minye nimechoka kuinama."

Arsène alikuwa fundi, naye alimjibu kifundi. Aangalie mambo manne: uzi wa umeme usiwe umeliwa na panya, mukaba, yaani mkanda wa mpira wa ndani, usiwe umelegea, brashi iwe na meno yake yote, mfuko usiwe umetoboka, maana mifuko yake haiuzwi tena popote Katanga. "Na juu ya yote," akasema, "usilipe kintu hujaiona ikitumika."

Pa kununulia palikuwa mahali pamoja tu. Kufa kufaana, na mwaka ule wa tisini na tatu gare ya Likasi ilikuwa duka kubwa kuliko yote mjini. Waliofukuzwa waliuza walichobaki nacho wapate unga wa safari, kwa sababu treni ilichukua wiki mbili, tatu, na njiani hakuna aliyewapikia. Waliweka chini pasi, cherehani, redio, magauni ya harusi. Umeme gare haukuwapo. Mwanzoni wanunuzi waliomba kwenda kujaribisha vitu nyumbani kwao, wakaenda navyo, hawakurudi. Kwa hiyo watu wa gare wakajiwekea sheria: kitu cha umeme kikienda kujaribishwa, mwenyewe anakifuata.

Kulikuwa na sheria nyingine, nayo ndiyo iliyokuwa na uzito. Damas, mtu wa reli na binamu yake Arsène, alishika orodha ya treni. Kila asubuhi alipita kwenye mahema akihesabu vichwa. Familia iliruhusiwa kukosa kichwa kimoja tu, aliyeenda bombani au sokoni. Wakikosekana wawili, familia inafutwa, inaandikwa upya mwisho kabisa. Mwezi wa tano Clémentine alimpeleka Rolly kwa masista apate dawa ya homa. Damas akapita, akakuta vichwa viwili badala ya vinne, akafuta. Treni ikaondoka na watu waliokuja gare nyuma yao. Kichwa ni kichwa, hata kiwe cha mtoto wa maziwa.

Henriette alienda gare siku tatu mfululizo. Siku ya kwanza alivaa viatu vipya. Mama mmoja, Anne, alimwonyesha aspirateri ya duara yenye mpira mrefu, ile inayoburutwa nyuma kama mbwa asiyetaka kwenda. Henriette aliishika, akainama, akayasikia magoti yake. "Hii ni ya bantu ba kuinama," akasema, akaiacha. Siku ya pili mwalimu mmoja mzee alimtolea ya kusimama kweli, ndefu, lakini uzi ulikuwa umefungwa plasta mahali pawili, mfuko umeshonwa kwa uzi wa viatu, na ndani ilinuka kuungua. Mwalimu aliapa kwa mama yake aliyekufa. Henriette alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akaenda zake.

Lakini mashine anayoitaka alijua iko wapi tangu saa ya kwanza. Ilikuwa katika hema la nne toka bomba la maji, imefungwa shuka, mpini umetokeza juu. Siku zote mbili alipita mbele yake polepole, akiuliza majirani kwa sauti kubwa kama kuna mtu mwenye aspirateri nzuri, ya kusimama, yenye mfuko mzima. Hakugeuza shingo. Alitaka aitwe.

Siku ya tatu, Alhamisi, aliitwa.

"Mama Jenny." Clémentine alisimama mbele ya hema, Rolly mgongoni. Alikuwa amekonda, mifupa ya shingo ilionekana, lakini gauni lake lilikuwa limefuliwa. "Yambo, yaya. Nilisikia unatafuta aspirateri. Minye niko nayo."

"Aa, Mama Danielle! Kumbe muko hapa?" Henriette alisema, kana kwamba mtu angeweza kuwa mahali pengine. "Ulikuwa nayo aspirateri? Sikumbuke."

Ndani ya hema Mukendi alilala juu ya godoro, mguu wake umevimba kama gunia, homa machoni. Danielle, sasa mwenye miaka kumi na mmoja, alimpepea nzi. Henriette alifungua shuka bila haraka. Aliuvuta uzi wote akaupitisha kati ya vidole, inchi kwa inchi. Akapindua mashine, akahesabu meno ya brashi, akabonyeza mukaba kwa kidole gumba, akafungua mfuko na kunusa. Miezi kumi kwenye vumbi, na mashine ilikuwa safi kuliko mwenyewe. Walipatana upesi: gunia nusu la unga wa mahindi na chupa mbili za mafuta ya mawese.

"Lakini siwezi kulipa kintu sijaona ikitumika," Henriette alisema. "Tuende ku nyumba. Courant iko."

Hakusema nyumba gani. Clémentine alijua nyumba gani.

Alitazama reli. Tangu asubuhi habari zilizunguka kwamba treni imepangwa kule mtaa wa Panda, vichwa vya treni viwili vimepatikana, labda leo, labda kesho. "Ni mwendo wa saa ngapi?" aliuliza, yeye ambaye aliitembea njia ile miaka kumi na mbili.

"Kidogo tu. Nusu ya saa kuenda."

Clémentine alikaa chini, akamtoa Rolly mgongoni, akamnyonyesha haraka haraka. Mtoto alikuwa na usingizi, akanyonya kidogo akaachia. Akamweka mikononi mwa Danielle. "Rolly anabakia, anahesabiwa," alimweleza Henriette, kama anayeomba radhi. "Minye ndiyo kichwa kimoja chenye kukosa. Juu ya ile, yaya, nisikawie. Mutoto ananyonya kwangu tu."

"Nimesikia," Henriette akasema. Na alisikia. Tafadhali likumbukwe hilo.

Wakaenda, Henriette mbele na viatu vyake vipya, Clémentine nyuma na mashine kichwani. Mlangoni Clémentine aliitua, akapangusa jasho, akaangalia mapazia. Alikuwa ameyashona yeye.

"Utoe bilatu, Mama Danielle," Henriette alisema. "Moketi."

Clémentine akavua kandambili zake. Miguu iliyokaa gare miezi kumi haisafiki kwa kupanguswa na kanga. Akaingia, na nyayo zikamfuata juu ya kijani, nyekundu, moja baada ya nyingine. Henriette alikuwa amezingoja nyayo zile miaka mitatu. Alizitazama kwa furaha, tuseme ukweli, kama mtu anavyotazama mvua ya kwanza.

Hakuna aliyemwonyesha Clémentine umeme uko wapi. Alisogeza kiti cha pembeni, akachomeka. Mashine ikanguruma, mfuko ukavimba. Ilivuta vizuri mno, ikaacha njia ya kijani cha zamani katikati ya vumbi. Hapo biashara ilikuwa imekwisha.

"Chini ya meza?" Henriette akauliza. Akapitisha chini ya meza. "Na kwenye pembe, inafika?" Ikafika. "Na ku chumba cha Jenny?" Chumba cha Jenny kilikuwa kile cha Danielle, kitanda kilekile, na juu ya ukuta bado palikuwa na alama za penseli za urefu wa mtoto, mwaka kwa mwaka. Clémentine alipitisha mashine pale chini bila kuinua macho. Aliporudi sebuleni umeme ukakatika, kama ulivyokatika kila siku kuelekea saa nne.

"Umeona, yaya. Inatumika muzuri. Unipe bunga niende."

"Sijaona namna ya kubadirisha mufuko. Na mukaba, ikianza kupata moto? Arsène alisema niangalie. Tungoje courant, itarudia sasa hivi. Kaa."

Clémentine alikaa kwenye ncha ya kiti. Ghala la unga lilikuwa limefungwa, ufunguo ulikuwa katika pindo la kitenge cha Henriette. Wakangoja. Henriette alizungumza habari za baraka ya Jumapili, nani atakuja, keki atapika nani. Saa ya ukutani ilipiga nne na nusu, ikapiga tano. Kwenye kifua cha Clémentine palitokea alama mbili za unyevu, ndogo kama sarafu, kisha kubwa kama visahani. Alibana mikono juu yake.

Hapo treni ikalia, mbali, upande wa gare.

Clémentine alisimama. "Treni!"

"Ile ni manèvre tu. Banapanga mawagon. Bantu ba reli banapenda kupiga makelele."

"Yaya, nakulomba. Unipe ata nusu ya ile bunga. Ata kikombe. Bila bunga batakula nini mu njia? Mutoto iko ananililia, nasikia mu mwili."

"Nani alisema sitakupa? Kintu ya watu ni ya watu. Nione mashine yangu tu, nikupe, uende na Mungu."

Na ni kweli, hakukusudia kumwibia. Angempa gunia nusu na mafuta yake yote. Alitaka kwanza kitu kimoja, na kwa kitu hicho umeme ulihitajika. Ukarudi. Mashine ikanguruma peke yake katikati ya sebule. Henriette aliwahi kuushika mpini kabla ya Clémentine. Akaanza mlangoni. Akaufuata unyayo wa kwanza, wa pili, wa tatu, wima, kichwa juu, magoti yamenyooka kwa mara ya kwanza katika maisha yake. Aliifuata njia nzima mpaka kwenye kiti, na Clémentine, aliyezuiwa na mashine mbele na kiti nyuma, akakaa tena.

"Inua miguu kidogo, yaya," Henriette alisema.

Clémentine akainua miguu. Kifua chake kilikuwa kimelowa mpaka tumboni, maziwa yakadondoka kwenye magoti, yakateleza, yakaanguka juu ya moketi, tone, tone. Alimtazama Henriette usoni bila kuelewa.

"Unakumbuka?" Henriette akauliza juu ya kelele za mashine.

"Nini, yaya?"

"Siku ya komunyo. Ya watoto. Unakumbuka?"

Clémentine alifikiri. Alijitahidi kwa kweli, maskini, alidhani ndiyo bei iliyobaki. "Mulikuya kwetu," akasema. "Kulikuwa keki. Siku ile ilikuwa muzuri, yaya. Sikumbuke neno mubaya."

Treni ikalia mara ya pili, mlio mrefu, ule usiokuwa wa kupanga mabehewa, ambao Likasi nzima inaujua. Clémentine aliisukuma mashine ikaanguka ubavu, akatoka mbio. Hakuuliza unga. Hakuvaa kandambili. Henriette alisimama sebuleni na mpini haupo mkononi, akimsikia akikimbia kwenye changarawe, kisha hakumsikia. "Mama Danielle, bunga yako!" aliita kutoka mlangoni. Barabara ilikuwa tupu. Aliita mara moja tu.

Treni iliondoka saa sita kasoro dakika chache. Damas alipopita kuhesabu kabla ya kupandisha watu, hema la Mukendi lilikuwa na vichwa vitatu na kimoja nje, hesabu ya halali kabisa. Wakapandishwa. Walioona walisema kwamba Danielle alipiga makelele kuwa mama yake bado, na watu wa behewa wakamwambia anyamaze, nafasi haingoji. Walisema pia kwamba mwanamke mmoja pekupeku alifika reli zikiwa bado za moto, hakuketi hata kidogo, akashika njia ya reli kuelekea Tenke, kwa miguu. Kambove walimwona. Mbele ya Kambove hakuna aliyesema kitu.

Jumapili padri alibariki nyumba. Aspirateri ilisimama pembeni, imepanguswa, na mama wa parokia waliigusa mmoja mmoja. Unga ulibaki ghalani. Henriette alisema anamtunzia mwenyewe, akautunza wiki mbili, halafu Arsène hakulipwa mwezi ule, wakaula. Bukari yake, ugali wa unga ule, ilikuwa nzuri.

Damas alisafiri na treni ile, akarudi mwezi wa tisa. Alikuja kwa binamu yake, akapewa kiti kilekile, akasimulia akiangalia chini. Treni ilisimama siku nane porini kabla ya Bukama, kichwa chake kimechukuliwa na treni nyingine. Danielle alimpa mtoto maji ya sukari, sukari ikaisha, akampa maji. Behewani kulikuwa na mama mmoja anayenyonyesha, alimpa mara mbili, kisha maziwa yake mwenyewe yakakauka. Rolly alidumu siku nne tu. Mukendi hakuweza kushuka, kwa hiyo Danielle ndiye aliyechimba, kando ya reli, kwa kifuniko cha sufuria.

"Mama yake hakuniambia kama mutoto ananyonya," Henriette akasema haraka. "Hakusema. Angesema, ningemwacha aende."

Damas hakumwuliza. Alikunywa maji yake, akaaga.

Joto la mwezi wa kumi lilipokuja, sebule ilianza kunuka. Harufu chachu, nyepesi, ya kikombe cha maziwa kilichosahauliwa. Chini ya kile kiti palikuwa na doa, si kubwa kuliko kiganja, rangi yake kama uji uliokauka, na sisimizi walipanga mstari kutoka dirishani mpaka hapo. Henriette alileta mashine. Ilivuta sisimizi, ikavuta vumbi, doa likabaki. Alipitisha mara kumi, alipitisha mpaka mukaba ukanuka moto na mfuko ukajaa. Aliufungua kuumwaga, ukapasuka mkononi, vumbi lote likamrudia usoni. Mfuko mwingine haukuwapo Likasi wala Lubumbashi. Ilikuwa mashine ya kuvuta vumbi, haikutengenezwa kwa ajili ya maziwa ya mtu.

Akaweka meza ndogo juu ya doa. Sisimizi walipita chini ya meza. Akaitoa meza.

Sasa aspirateri inasimama pembeni na kitambaa cha kufuma juu yake, na wageni wanaisifu. Kila Jumamosi, nyumba ikiwa tupu, Henriette hufunga mlango kwa ufunguo, huleta ndoo, sabuni na ile brashi ya Kamatanda, huvua viatu. Kisha hupiga magoti mbele ya kiti, akaanza kusugua.